Mguu wa Pikipiki ya Karani

Sajini Alphonse Mwaba aliingia kijiji cha Kasungami akisukuma baiskeli. Kilometa ya mwisho miguu ilikuwa imegoma kukanyaga, na yeye, mtu wa miaka arobaini na minane, alikuwa ameacha zamani kubishana na miguu yake. Jua la Oktoba lilikuwa limekaa utosini. Mvua zilikuwa bado, na vumbi jekundu lilikuwa limemwingia mpaka ndani ya kola.

Kwenye karia alikuwa amefunga kipande cha chuma kwa mpira. Ulikuwa mguu wa pembeni wa pikipiki, ule ambao Wabelgiji wanauita bekiyi: dereva anaushusha kwa kisigino ili pikipiki iegemee isilale chini. Urefu wake haukuzidi mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Lakini kwa ajili yake karani mmoja alikuwa amelala selo, na leo, Jumatano, saa kumi kamili, faili lake lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Mwaba alikuwa ameona mafaili mengi yakipanda ngazi zile. Hakuwahi kuona hata moja likishuka.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Juzi Jumatatu, saa saba mchana, wakati Elisabethville yote imefunga milango ipumzike joto, mtu aliingia ua wa nyuma wa duka la Mgiriki Pandelis. Alimpiga zamu, yaani mlinzi wa duka, kichwani kwa bomba, akaondoka na kasha la saa za mkono. Zamu alikuwa hospitali na hajafumbua macho. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo pale njiani aliona pikipiki kuukuu ya kijani ikitoka. Na katika ua ule, ambao Mgiriki anaunyunyizia maji kila asubuhi ili kulaza vumbi, mguu wa pikipiki uliacha alama. Bwana Komiseri mwenyewe aliimiminia plasta. Alama ilikuwa nyembamba, imekatika upande mmoja kama kwato la mbuzi, na mbele yake udongo ulikuwa umekwaruzwa shubiri nzima. Huo ulikuwa mguu uliochakaa: unyayo wake umelika ukaisha, na tundu lake limepanuka kiasi kwamba ukishushwa unateleza.

Pikipiki kuukuu za kijani za namna ile mjini zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa za Wazungu. Polisi walikwenda kwa ya tatu.

Ya tatu ilikuwa ya Floribert Mulenga, karani wa ofisi ya reli, aliyeinunua kwa mhasibu mmoja aliyerudi Ulaya. Walipoikagua Jumanne alfajiri waliukuta mguu wake umetengenezwa upya. Ulikuwa umekaza, hauchezi hata kidogo, na chini una unyayo mpana wa duara uliochomelewa. Walimwuliza ulitengenezwa lini, naye akajibu bila kusita: jana jioni. Yaani Jumatatu, saa chache baada ya zamu kupigwa.

"Alikwenda kuficha kwato," Komiseri alisema, akapiga meza kwa furaha.

Basi neno lote lilining'inia kwenye siku moja. Kama mguu ulitengenezwa Jumatatu jioni, Floribert alikuwa mtu wao. Kama ulitengenezwa kabla, kwato lile halikuwa lake.

Mzee Kabwe, mfua vyuma wa Kasungami, alikuwa amechuchumaa mbele ya tanuru akinyoosha jembe. Alimtazama sajini, akatazama viatu vyake, akacheka.

"Sajini, weye unafukuza mwizi, ao mwizi njo anakufukuza?"

"Unipe maji kwanza, muzee. Kisha utanitukana."

Mwaba akanywa vikombe viwili vya bati bila kupumua. Ndipo akafungua mpira na kuweka chuma juu ya fuawe.

"Chola, ule fundi wa kampuni, shemeki ya karani, anasema njo weye ulitengeneza hii juzi. Siku ya kwanza, mangaribi."

"Miye?" Mzee alishika kifua. "Chola wa kambi? Mwezi muzima sijamuona! Na juu ya nini angekuya kwangu? Miye niko natengeneza majembe."

"Anasema vile."

"Njia ya mwongo iko fupi, Sajini. Lakini ya Chola imekutembeza sana."

Mwaba hakucheka. Aliketi juu ya gogo, akanyoosha goti lililokuwa likimuuma tangu asubuhi.

Mzee alikigeuza chuma kwenye mwanga. Alipitisha kidole gumba kwenye unyayo wa duara, akaguna. Kisha akaingiza kidole kidogo kwenye tundu la juu, pale pini inapopita, akakizungusha taratibu kama mtu anayepangusa sahani ya asali.

"Ona hapa. Hii tundu ilikuliwa na pini, ikakuwa kama yai. Muntu akaitoboa tena mukubwa kidogo, akatia bushi, sawa pete, ndani. Bronzi. Unaona vile inaangaza? Miye nikitoboa, tundu yangu inakuwa na meno. Hii haina jino hata moya. Hii iko kazi ya mashine yenye kuzungusha chuma."

"Huku Kasungami mashine iko?"

"Iko moya. Ya kusaga mahindi."

Kilometa tisa za kuja na tisa za kurudi, kwa sababu ya uongo wa mtu mmoja. Mwaba alifunga macho. Alipoyafumbua, mzee alikuwa ameshika msumari butu na nyundo ndogo.

"Unanipa ruhusa niitoshe? Nataka kuona vile aliiweka. Kazi ya muzuri inafundisha."

"Toa."

Nyundo iligonga mara nne. Bushi ikaanguka kiganjani kwa mzee, pete nene yenye ukingo mpana upande mmoja, imepakwa grisi nyeusi. Mzee aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mkono wake ukasimama.

"Miye sijui kusoma," alisema. "Lakini hii haiko mapambo."

Kwenye ukingo, upande uliokuwa umejificha dhidi ya fremu ya pikipiki, kulikuwa na tarakimu zilizogongwa kwa muhuri wa chuma. Mwaba aliisogeza bushi karibu na macho, akaisogeza mbali, akaisogeza tena. 4417. Na chini yake, ndogo zaidi: 41.

Hakuna mtu Elisabethville asiyejua maana ya tarakimu nne kwenye chuma. Kila mfanyakazi wa kampuni ya shaba ana namba yake. Anaivaa shingoni, anailia posho, na siku akifa ndiyo inayoandikwa kwanza. Lakini hiyo arobaini na moja Mwaba hakuijua. Aliifunga bushi katika leso yake, akamshukuru mzee, akaishika tena baiskeli.

"Sajini," mzee aliita. "Ule mwenye kutengeneza vile, musimupige. Mikono ya vile iko kidogo."

*

Saa saba unusu alikuwa kituoni. Floribert Mulenga alikuwa amekaa kwenye benchi la selo, tai yake imekunjwa vizuri mfukoni, kamba za viatu wamemnyang'anya. Alikuwa kijana mwembamba, kucha safi, na siku mbili bila kunyoa zilimfanya aonekane kama amevaa uso wa mtu mwingine.

Mwaba alivuta kiti. Akamwekea magotini ule mguu wa pikipiki, resori yake, ile springi ya kuuvuta juu, na ndoano yake.

"Bekiyi yako ilitengenezwa siku gani?"

"Nilisha kusema. Siku ya kwanza, mangaribi."

"Nani aliifunga ku pikipiki?"

Floribert alisita. "Miye mwenyewe."

"Bon. Unionyeshe. Ufunge resori."

"Hapa?"

"Hapa. Ile siku ulifunga chini ya pikipiki, mu giza. Hapa uko na kiti na mwanga."

Karani aliishika resori kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Aliipachika upande mmoja, akaivuta kuelekea ndoano. Ikamponyoka, ikamchapa kidole, ikaruka mpaka chini ya mlango. Polisi aliyekuwa koridoni akacheka kwa sauti.

"Eh, karani! Ile haiko kalamu!"

Mwaba aliinama kuiokota, goti likalia. "Ile resori inavutwa na muntu mwenye kuizoea. Weye haujaifunga hata siku moya. Ni shemeki yako Chola njo alifunga."

Floribert aligeuzia uso ukutani.

"Floribert. Komiseri anapeleka faili saa kumi. Unajua sasa ni saa ngapi?"

"Walinichukulia saa."

"Saa saba na nusu imepita. Siku ya kwanza saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Natoka ku ofisi kila siku saa sita, nakula, narudi saa nane. Bibi yangu miguu imevimba, anazaa mwezi kesho. Nilikuwa namuwekea maji ya chumvi. Majirani yote walikuwa ku kazi, nani atasema aliniona?"

"Basi uniambie siku ya kweli."

Karani alikisugua kidole chake kilichochapwa. Kisha akauliza, kwa upole, kana kwamba ni yeye anayehoji:

"Ile asubui mulipokuya kunifunga, Sajini, muliniuliza nini kwanza?"

"Nilikuuliza bekiyi ilitengenezwa lini."

"Mbele ya kuniambia juu ya zamu?"

"Mbele."

"Basi," Floribert alisema. "Sina neno ingine. Hata saa kumi ikifika, sina neno ingine."

Mwaba alitoka na mguu wa pikipiki chini ya kwapa. Koridoni alisimama, akaegemea ukuta. Mtu aliamshwa alfajiri na polisi watatu mlangoni, wakamwuliza habari ya kipande cha chuma, naye hakujua kwamba kuna zamu aliyepigwa. Alijibu swali jingine, lililokuwa likimwogopesha tangu kabla. Aliogopa kuhusu chuma chenyewe. Alidhani polisi wametumwa na kampuni.

Na alipokuja kujua wametumwa na Mgiriki, jibu lilikuwa limeshaandikwa.

*

Kambi ya kampuni ilikuwa na nyumba za matofali zilizopangwa mistari kama mahindi. Mwaba hakuwa na haja ya kuuliza njia, kwani jana tu alikuwa hapo, na jana alidanganywa kwenye kiti hicho hicho alichoonyeshwa leo.

Régine, mke wa Chola, alimkaribisha. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, kwenye kinu kidogo ndani ya mlango, kukwepa jua.

"Jambo, Sajini. Weye haupumzikake? Chola ananawa, sasa hivi ametoka ku kazi."

"Nitamungojea, mama."

Ukutani, kwenye msumari mmoja, zilining'inia kadi mbili. Moja ilikuwa kadi ya posho. Juu iliandikwa 4417, na chini yake kulikuwa na vyumba vidogo vyenye namba, kila chumba juma moja la mwaka. Vyumba vya nyuma vyote vilikuwa vimetobolewa, vya mbele vilikuwa vizima. Tundu la mwisho lilikuwa kwenye chumba cha arobaini na moja. Mwaba alihesabu kwa kidole. Posho hutolewa Jumamosi. Juma la arobaini na moja lilikuwa limekwisha Jumamosi iliyopita. Hili walilokuwa ndani yake lilikuwa la arobaini na mbili.

Ya pili ilikuwa kadi ya kazi. Aliisoma pia, akairudisha msumarini.

Chola aliingia akijifuta mikono. Alikuwa mtu wa kifua kipana, kakake Adolphine, yule mke wa Floribert.

"Sajini. Tena?"

"Muzee Kabwe anakusalimia."

Taulo ikasimama katikati ya vidole.

"Alisema hajakuona mwezi muzima," Mwaba aliendelea. "Siku ya kwanza ulitoka ku kazi saa ngapi?"

"Saa nane. Nikaenda kwa Floribert, nikafunga ile chuma."

"Uongo gani tena?" Régine alisema toka kwenye kinu, bila ubaya, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Siku ya kwanza ulipiga kazi mara mbili, juu ya ule mwenzako mugonjwa. Ulirudi saa ine ya usiku. Bukari, ule ugali yako, ilikuwa imekuwa jiwe."

Hapo akaona uso wa mumewe, na mchi ukabaki hewani.

"Kadi nayo inasema vile," Mwaba alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza kuko chapa mbili. Hauwezi kuwa ku mashine na kuwa chini ya pikipiki saa ile ile."

Akafungua leso. Bushi ikaviringika kidogo juu ya meza, ikalala upande wa namba.

Chola aliketi. Hakuigusa. Aliitazama tu, na polepole mabega yake yakashuka.

"Ulipiga namba," Mwaba alisema. "Bushi ya kuiba, Chola. Na ukapiga namba yako, na juma yake."

"Mukono tu, Sajini." Chola aliviangalia viganja vyake. "Miaka kumi na moya. Ku atelye, chuma bila namba banaitupa, na weye banakukata mushahara. Unamaliza, unapiga namba yako, unapiga juma. Ile siku nilimaliza, nikasikia muhuri iko mu mukono, nikapiga. Mbele kichwa kifikirie, mukono ulikuwa umesha piga. Nikasema, basi, itakuwa ndani ya grisi, nani atafungua?"

"Siku gani?"

Chola alimtazama mkewe, kisha akatazama meza.

"Siku ya posho. Jumamosi. Floribert alinipa bekiyi yake tangu Ijumaa, nikaiingiza ndani ya mufuko ya chakula. Pikipiki yake ilikuwa inaanguka kila pahali, hata mbele ya kanisa, bantu banacheka. Asubui nikatoboa, nikakata bushi, nikachomelea unyayo. Saa sita tukatoka. Saa nane nilikuwa kwake, nikafunga. Saa kumi akanibeba nyuma, tukazunguka mitaa yote ya cité."

"Na kampuni ikaona bronzi imepunguka."

"Ile ile mangaribi! Capita, ule mukubwa wa kazi, alihesabu. Bakasema siku ya kwanza wanaleta polisi. Njo tukapatana na Floribert: kama bakiuliza, kazi ilifanywa kisha, na muzee wa Kasungami."

"Basi yeye amepatana mpaka selo. Komiseri anasema alitengeneza siku ya kwanza kwa kuficha. Weye unajua alitengeneza siku ya posho. Ile siku ya kwanza, saa saba, pikipiki yake ilikuwa na unyayo kama sahani. Ile alama ya Mgiriki haiwezi kuwa yake."

"Si munaweza kumuachilia tu? Hakufanya kitu!"

"Nitamuachilia na nini? Na mudomo yangu?"

Régine aliweka mchi chini. Alikuwa ameelewa yote, hesabu nzima, kabla ya wanaume kuimaliza.

"Kama akiandika siku ya posho," aliuliza, "kampuni inafanya nini?"

Mwaba hakumdanganya. "Banamufukuza, mama. Na nyumba iko ya kampuni."

"Na posho. Na masomo ya batoto. Na dokta." Alihesabu kwa vidole, akaona vidole vinamtosha, akavikunja. "Batoto sita, Sajini."

Chola alinyanyuka ghafla, akaenda kwenye kasha la vifaa chini ya dirisha. Alirudi na tupa ndogo. Akaichukua bushi, akaiweka ukingoni mwa meza, akaweka tupa juu ya namba.

"Tunafuta 4417," alisema. "Weye unapeleka bushi bila namba. Unasema iko ya zamani."

"Futa," Mwaba alisema. Alikuwa amechoka hata kuinua mkono kumzuia. "Lakini usikilize. Ikikuwa bila namba, iko bushi ya muntu yote, ya siku yote. Komiseri ataniambia fundi fulani aliifanya siku ya kwanza, na mukono yako haiko ndani. Namba njo inasema ni weye. Arobaini na moya njo inasema mbele ya siku ya Mungu. Kadi njo inasema siku ya kwanza haukuwa na nafasi. Ukitosha moya, zote zinaanguka. Floribert hawezi kufunga resori. Ameisha kujaribu mbele yangu."

"Floribert?" Hata hapo, kicheko kidogo kilimponyoka Chola. "Ule hawezi kufunga hata chupa."

Tupa ilibaki juu ya bronzi. Nje, sauti za watoto wakitoka shule zilianza kusikika kutoka mwisho wa mstari. Régine alikwenda mlangoni, akasimama akiwapa mgongo.

"Yeye alisema nini?" Chola aliuliza. "Juu yangu."

"Hakusema hata jina lako. Nilimuambia saa kumi wanapeleka faili. Akasema hana neno ingine."

"Na Adolphine?"

"Miguu imevimba."

"Régine," Chola aliita.

"Usiniulize," mkewe alijibu bila kugeuka. "Nikisema, nitasema kitu ya mubaya, na kesho nitakuwa na haya mbele ya dada yako. Fanya weye. Fanya mbele batoto hawajaingia."

Chola aliondoa tupa. Aliipangusa bushi kwa taulo, upande wa namba, mpaka tarakimu zikang'aa, akaisukuma mbele ya Mwaba.

"Andika."

Mwaba alitoa karatasi na kalamu. Aliandika kwa Kifaransa, kama sheria inavyotaka, akisoma kila sentensi kwa Kiswahili kabla ya kuendelea: jina, namba, siku, saa ya kutoboa, saa ya kufunga, kadi ya kazi kama ushahidi. Chola alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Mara moja tu aliinua kidole.

"Hapo uliandika nini? Juu ya tundu."

"Kwamba ulitengeneza tundu ya bekiyi, ilikuwa imechakaa."

"Hapana. Kutengeneza hata Kabwe anatengeneza. Andika: nilitoboa milimetri kumi na nane, nikatia bushi ya bronzi kwa kugonga, na pini yake haichezi. Andika haichezi."

Mwaba alikata mstari, akaandika upya. Wino ulikuwa unakwisha. Alichovya kalamu chupani mara mbili.

"Ulijaribu kuitikisa, pale ku polisi?" Chola aliuliza.

"Bapolisi batatu waliisukuma. Haikuanguka."

Fundi aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mshahara. Akachukua kalamu, na wakati Mwaba anamsogezea kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba, akakisukuma pembeni, akaandika jina lake lote, kwa herufi zilizosimama wima.

*

Saa kumi kasorobo Komiseri aliisoma karatasi akiwa amesimama. Aliitazama bushi, akachukua kipande cha plasta, akakipima na ule unyayo wa duara. Kwato na sahani. Alivipima mara ya pili, kana kwamba vingebadili nia.

"Zimebaki pikipiki mbili," Mwaba alisema.

"Najua kuhesabu, Sajini." Komiseri aliifungua droo, akaiweka plasta ndani, akaifunga. Kwa pikipiki hizo mbili hakusema neno. Alitia sahihi hati ya kumwachilia Mulenga. Kisha, kwa mkono ule ule, akanyanyua simu na kuomba aunganishwe na kampuni.

Mwaba alikwenda selo kabla hajasikia mengine. Alimrudishia karani kamba za viatu, saa na ufunguo.

"Unaenda nyumbani."

Floribert hakuinuka. "Nani alisema?"

"Chola."

"Miye nilishika siku mbili."

"Najua ulishika."

"Sasa banamufukuza?"

"Komiseri iko ku simu."

Karani alianza kufunga kamba za viatu. Vidole vyake, ambavyo havikuweza resori, viliweza fundo. Alikaza la kwanza, akakaza la pili, bila haraka. Polisi aliyemcheka mchana alisimama mlangoni, safari hii bila kucheka.

"Muntu wa kufukuzwa, kama hana adrese ya nyumba mu cité," Floribert alisema akiwa bado ameinama, "kisha siku mbili banamupandisha treni, banamurudisha ku mugini yao. Yeye na batoto. Miye njo naandikaka zile tiketi, ku ofisi. Lakini kama iko na adrese kwa ndugu, banamupa nafasi ya kutafuta kazi ingine. Ni vile?"

"Ni vile. Anaandikwa ku kitabu yetu."

"Kitabu iko hapa?"

"Iko pale mezani."

Floribert alisimama, akatoa tai mfukoni, akaivaa bila kioo.

"Nyumba yetu iko na vyumba mbili," alisema. "Tutakuwa bantu kumi. Mwezi kesho kumi na moya. Andika sasa, Sajini, mbele ya kampuni haijaandika."

Mwaba alijikokota mpaka mezani, akaketi kwa uzito wake wote, akafungua kitabu kwenye ukurasa wa siku ile. Kupitia ukuta waliisikia sauti ya Komiseri ikitaja namba, tarakimu moja moja, mpaka ya nne.

"Barabara gani?" Mwaba aliuliza, akachovya kalamu.